Nilichokuwa nawaza jana: mchezo wa d4 na mzee mmoja hapa Moshi, na farasi niliyekaribia kumgusa

#1, mleta uzi

Wakuu, habari za Jumapili. Jana nilicheza chesi na mzee mmoja hapa Moshi, dakika sitini kila mtu, na tangu nimeamka ule mchezo haujanitoka kichwani. Nimeona nishushe uzi kabla mawazo hayajapoa. Tunapojadili chesi huwa tunaandika hatua zilizochezwa, zile tulizoziacha mkononi hatuzisemi. Jana hatua kubwa kuliko zote kwangu ni ile ambayo sikuicheza.

Kwa wasiozoea kusoma hatua: ubao una safu nane zenye herufi a mpaka h, na mistari minane yenye namba 1 mpaka 8. Nikisema d4 ni mraba ulio kwenye safu ya d, mstari wa nne. Mwenye ubao nyumbani apange kete tuende pamoja.

Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo maeneo ya Majengo. Asubuhi Kibo ilikuwa wazi kabisa dirishani, kufika saa tano wingu limeshaifunika. Mpinzani wangu ni mstaafu, alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika enzi za kahawa, mtu wa kofia na chupa ya chai ya tangawizi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu tucheze." Tukapeana mkono, akabonyeza saa.

Nilikuwa na weupe. Mimi ni mchezaji wa kawaida, miaka sita sasa, na siku zote nafungua kwa askari wa malkia. Sipendi kufungua kwa e4 kwa sababu mambo yanalipuka mapema. d4 inakupa muda wa kujenga nyumba kabla ya mvua. Tukaenda hivi, kwa kila namba hatua ya kwanza ni yangu na ya pili ni yake:

1. d4 d5. 2. Farasi f3, farasi f6. 3. e3 e6. 4. Askofu d3, c5. 5. c3, farasi c6. 6. Farasi wa pili d2, askofu d6. 7. Mfalme wangu akaingia ngomeni upande mfupi, yaani yeye akakaa g1 na ngome f1, na wa kwake vilevile.

Huu mpango unaitwa Colle, kwa jina la Edgard Colle, Mbelgiji aliyezaliwa 1897 na kufariki 1932 akiwa na miaka 34 tu, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Ukiutazama unaonekana mpole. Askofu wa c1 amefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, wote wamekaa kwenye mistari yao, hakuna aliyevuka mto. Lakini Colle mwenyewe hakuwa mpole. Mwaka 1930 kule Nice, Ufaransa, alicheza na O'Hanlon wa Ireland kwa mpangilio huuhuu, na hatua ya 12 akamtoa askofu wake kwenye h7, akamvuta mfalme nje ya nyumba mpaka akashinda. Mpangilio wote huu unangoja tukio moja: askari wa e3 kwenda e4. Akienda, askofu wa c1 anapumua, na farasi mweusi wa f6, ambaye ndiye mlinzi wa mfalme, anatishiwa kufukuzwa na e5, naye akiondoka askofu wa d3 anaishambulia h7. Usipoicheza e4 ukiwa na Colle, umejenga nyumba halafu umekaa nje.

Najua hilo, nimelisoma na nimelicheza. Sasa tuje hatua ya 8.

#2

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Endelea.

#3, mleta uzi

Hatua ya 8 nilitumia dakika kumi na nne. Katika dakika sitini hiyo ni sadaka kubwa.

Hatua inayojulikana hapo ni kumla askari wa c5 kwa yule wa d4. Askofu wake anarudi kula c5, kisha mimi nasukuma e4. Niliiona ndani ya dakika ya kwanza. Dakika kumi na tatu zilizobaki nilikuwa naitafutia sababu ya kutoicheza.

Nawaandikia nilivyowaza kweli. Kwanza: nikila c5, nitakuwa nimemtoa askari wangu wa kati mwenyewe na kumpa askofu wake njia nzuri. Pili: nikifika e4, naye akila, ubao unafunguka na mzee huyu nasikia ni hatari ubao ukiwa wazi. Tatu, na hii ndiyo iliyoniangusha: nikaona askofu wake wa c8 siku moja atakuja g4 kumfunga farasi wangu wa f3 mbele ya malkia. Siku moja! Njia yake ilikuwa imezibwa na askari wake mwenyewe wa e6. Hakuwa na uwezo wa kufika g4 kwa hatua yoyote ile ya karibuni. Nikamwogopa vilevile.

Basi nikacheza 8. h3.

Mzee hakutumia hata dakika mbili. Akasukuma e5.

Tazameni ubao. Ile hatua niliyotaka kuifanya mimi kwenye e4, kaifanya yeye upande wake. Kanitangulia mlangoni. Farasi wake wa c6 na askofu wa d6 wote wanaiunga mkono, na yule askofu wa c8 niliyemwogopa sasa ndiyo kafunguliwa kweli. h3 yangu ilimzuia mtu aliyefungiwa ndani, na kumpa yeye hatua moja ya bure ya kutoka.

Hapo moyo ulinienda mbio, nikala. 9. Askari wangu wa d akala e5, farasi wake akala hapohapo. 10. Farasi wangu akala farasi, askofu wake akala. 11. Farasi wa d2 akaja f3 kumgusa askofu, askofu akarudi c7. 12. Malkia c2, naye akasukuma c4 kumfukuza askofu wangu. 13. Askofu e2, malkia wake d6.

Nitarudi, kuna mtu ananiita dukani.

#4

Samahani mkuu, mimi naona h3 si mbaya hivyo. Inampa mfalme hewa. Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka, na mchezo wa d4 ni wa subira. Hata mabingwa wa dunia wameucheza kwa subira hiyohiyo.

#5, kutoka Arusha

Naungana na #4 nusu. Mechi ya ubingwa wa dunia ya Capablanca na Alekhine mwaka 1927 kule Buenos Aires ilikuwa na michezo 34, na yote isipokuwa miwili ilianza kwa gambiti ya malkia iliyokataliwa, yaani baada ya d4 d5 mweupe anamtoa askari wa c4 na mweusi anakataa kumla. Michezo 25 iliisha sare. Watu wanaiita mechi ya kuchosha, lakini Alekhine alishinda sita na Capablanca mitatu, na taji likabadili kichwa. Na juzi tu, mwaka 2023 kule Astana, Ding Liren akiwa nyuma kwa pointi dhidi ya Nepomniachtchi alicheza mpangilio wa London mchezo wa sita: d4, askofu f4, mpangilio unaodharauliwa kwamba ni wa wazee na wavivu. Alishinda mchezo ule, na mwisho wa mechi akawa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo kucheza taratibu hakuna kosa. Mleta uzi amekosea jambo lingine, naye nadhani ameshaliona. h3 kwenye mpangilio wa London mara nyingi ni hatua ya maana, inampa askofu wa f4 mahali pa kukimbilia, h2. Kwenye Colle ya jana askofu wake alikuwa bado c1. Hiyo h3 ilikuwa inamhudumia nani?

#6, mleta uzi

Nimerudi. #5 umesema vizuri kuliko nilivyosema mimi. #4, wahenga haohao wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nisingelalamika kama ningeicheza h3 nikijua inafanya kazi gani.

Sasa tuingie sehemu iliyonifanya nilete uzi. Baada ya malkia wake kufika d6, angalieni mstari wa mshazari kutoka c7: askofu c7, malkia d6 mbele yake, halafu e5, f4, g3, mpaka h2 karibu na mfalme wangu. Yote mitupu. Na kwa sababu askari wangu wa h alishaenda h3, hata h2 yenyewe ilikuwa tupu. Kinachomzuia malkia asishuke pale ni farasi wangu wa f3 peke yake. Hilo nililiona. Nikasema, sawa, farasi hatoki. Nikacheza 14. Ngome d1, nikimgusa askari wake wa d5, na pia nikamwachia mfalme f1 kama mlango wa uani endapo kutatokea jambo.

Mzee akanywa chai. Akafunika chupa taratibu, akacheza 14... Askofu e6.

Hatua ya kawaida kabisa. Anamlinda askari wa d5. Ukiitazama hivyo unaiona kama hatua ya mtu mwenye shida, anayelinda kwa askofu kazi ya askari. Nami nikafurahi. Kwenye chesi askari wa namna ile wa d5, asiye na jirani wa e, unafundishwa kumzuia: weka farasi mbele yake, d4. Aron Nimzowitsch alilihubiri jambo hilo miaka ya 1920 na kila mwalimu analirudia mpaka leo. Na farasi akifika d4, pamoja na kumzuia askari, anamgusa huyo askofu wa e6. Hatua moja, kazi mbili. Mraba mzuri kuliko yote ubaoni, na hakuna askari mweusi anayeweza kumfukuza pale.

Mkono wangu ulishaondoka mezani. Nakumbuka kwa hakika: kidole gumba na cha shahada vilikuwa juu ya farasi, kama inchi moja hivi, naona mpaka mkwaruzo kwenye sikio lake la mbao. Sheria ni ileile kila mahali, ukigusa kete yako kwa kukusudia lazima uichezeshe. Mzee hakuwa anatazama mkono wangu. Alikuwa anatazama pembe ya ubao, kwenye h1.

Macho yake ndiyo yaliyonisimamisha. Nikafuata alikotazama.

Farasi d4. Malkia h2, cheki. Mfalme hawezi kumla kwa sababu askofu wa c7 yuko nyuma yake. Anakimbilia f1, ule mlango wa uani niliomwachia mwenyewe. Malkia h1. Chekimeti.

Pangeni muone. Mfalme yuko f1: e2 amekaa askofu wangu, f2 askari wangu, g2 askari wangu. e1 iko wazi lakini malkia wa h1 anaufagia mstari wote huo mpaka huko. Hakuna wa kuziba g1. Watu wangu wenyewe ndio waliofunga milango, kila mmoja yuko mahali nilipomweka kwa tahadhari.

Nikarudisha mkono, nikauweka chini ya paja. Kwa dakika mbili nzima sikuwaza hatua yoyote. Nilikuwa nasikia pikipiki barabarani na saa ikitembea.

#7

Duh. Nimepanga ubao, ni kweli kabisa. Na farasi d4 ndiyo hatua ambayo mimi ningecheza bila kufikiri.

#8, kutoka Arusha, mcheza bao na drafti

Mimi si mtu wa chesi sana, nyumbani ni Tanga na nimekulia kwenye bao. Naomba kuchangia kwa upande huo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na sheria yake ni kwamba ukiweza kula lazima ule. Usipoweza kula ndipo unatakata, unazungusha kete zako bila kula. Drafti nayo vivyo hivyo, kula ni lazima, ndiyo maana mtego wetu wa kijiweni ni kulisha: unampa mtu kete moja ambayo hana ruhusa ya kuikataa, halafu unakula tatu.

Sasa kwenye chesi nimeona hakuna wa kukulazimisha. Huyo mzee amekulisha askofu wa e6, lakini ilibidi akufanye utake mwenyewe. Hiyo ni kazi ngumu zaidi kuliko ya kwetu.

#9, mleta uzi

#8 ubarikiwe, nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo tangu jana. Ndiyo. Askofu e6 ilikuwa kulisha. Hata kete haikutolewa. Kilichotolewa ni sababu nzuri ya farasi kuondoka f3. Na sababu zote nilizojipa za kwenda d4 zilikuwa za kweli. Ule mraba ni mzuri. Askari wa d5 anapaswa kuzuiwa. Kwa nusu dakika nilikuwa sahihi kwa kila jambo isipokuwa mfalme.

Baada ya mapigo kutulia nilianza upya. Safari hii sikuuliza "hatua gani ni salama?" Hilo ndilo swali lililonipeleka h3. Niliuliza: malkia wake pale d6 anafanya kazi kubwa, je, naweza kumsumbua? Nikatafuta nani wangu anaweza kufika kumgusa. Askofu wa c1, yule yule aliyefungiwa tangu mwanzo! Mbele yake e3 imeziba, lakini kupitia b2 anaweza kwenda a3, na kutoka a3 mshazari unapita b4, c5, d6, e7 mpaka f8. Kwenye d6 yuko malkia, na nyuma yake kwenye f8 iko ngome. Malkia akisogea, ngome inaliwa. Na c5 ilikuwa tupu kwa sababu yeye mwenyewe alishamsukuma askari wake c4 kumfukuza askofu wangu.

Kilichobaki ni kumwondoa askari wangu wa b2 njiani. 15. b3. Wakati huohuo anamgonga askari wa c4. Hatua moja, kazi mbili, na farasi hajatoka mahali pake.

Mzee alivua kofia, akaiweka mezani. Akafikiri dakika tisa. Akala b3, nikala kwa askari wa a, akahamisha ngome f8 kwenda c8 ili mtego wangu usinase kitu. Nikacheza askofu a3 hata hivyo, malkia akalazimika kuuacha ule mshazari wa h2. Hapo ndipo mfalme wangu alipopumua kwa mara ya kwanza tangu saa tano.

Yaliyofuata hayana mengi. Tulibadilishana ngome kwenye safu ya c, farasi wangu alikuja kufika d4 hatua ya 21, bila hofu, akakaa pale mpaka mwisho. Nilikuwa na nafasi nzuri kidogo, askari wake wa d5 alikuwa mzigo, lakini hakuna alichokosea. Hatua ya 38 akanyoosha mkono, nikaupokea. Sare.

#10

Mkuu, ulimuuliza mzee kama kweli alikuwa anakutegea, au ni wewe tu umeona baadaye?

#11, mleta uzi

Nilimuuliza. Tulikaa pale nje kwenye benchi, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikasema, "Mzee, ile askofu e6..." Hakuningoja nimalize. Akasema, "Mwanangu, tangu uliposukuma h3 nilijua unapenda hatua nzuri zisizo na haraka. Nikakutafutia moja."

Nimelala na maneno hayo. Hakuyasema kwa kunidharau. Kanieleza kwamba alipokuwa anasimamia hesabu za wakulima alikuwa anasoma daftari la mtu kwa kutazama mahali anapojisikia salama, kwa sababu huko ndiko asikokagua mara mbili. Kisha akanionyesha hatua ya 8: nikila c5 na kusukuma e4, yeye angeleta malkia c7 kuizuia e5, nami ningeleta malkia e2, na mchezo ungekuwa mzuri kwetu wote wawili. "Ungekuwa wazi," akasema, "na mimi macho yangu siku hizi hayapendi ubao wazi." Kumbe nilikuwa naogopa kitu ambacho yeye pia alikuwa anakiogopa.

#12, kutoka Arusha

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuweka ukutani. Mtarudiana lini?

#13, mleta uzi

Jumamosi ijayo, mimi nitakuwa na weusi. Kasema atafungua d4.

Asubuhi hii nimempangia mdogo wangu, yuko kidato cha pili, ile picha ya baada ya askofu e6. Sikumwambia kitu. Nikamwambia tu, wewe ni mweupe, cheza. Akautazama ubao kidogo, akatabasamu, akanyoosha mkono moja kwa moja kwa farasi wa f3 na kumpeleka d4. Akaniambia, "Kaka, nimemzuia askari na nimemgusa askofu."

Nikamshika malkia mweusi, nikamshusha h2.